Puli Hufunzwa, Haibahatishwi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walioiacha methali hiyo hawakupata kuiona meza ya puli, lakini lau wangaliiona wasingalibadili hata neno moja. Mchezo huu, ulio mmoja wa jamaa ya biliadi, hauna njia ya mkato. Asiyekubali kuinama juu ya fimbo yake, na kuinama mbele ya mtu anayejua zaidi yake, atabaki akiupiga mpira mweupe kwa nguvu na kumwachia Mungu yaliyosalia.

Siku hizi meza ya puli imefika karibu kila senta. Huwekwa chini ya kibanda cha mabati, mara nyingi ng'ambo tu ya lango la kambi au ya kituo cha polisi, na ifikapo jioni huzungukwa na vijana wa mtaa pamoja na askari waliotoka zamu. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mashimo ni 6. Mipira ya kulengwa ni 15: saba ya mchezaji mmoja, saba ya mwenzake, na mmoja mweusi. Kila mchezaji hutia shimoni saba yake, na mweusi huwa wa mwisho. Urahisi huo wa maelezo ndio unaowadanganya watu. Kwa kuwa sheria zake hufahamika kwa dakika tano, wengi hudhani kwamba na ufundi wake utakuja wenyewe.

Na achukuliwe mfano wa koplo mmoja, ambaye wasomaji wengi watamtambua ingawa hakutajwa jina. Koplo huyu amecheza puli kwa miaka minne. Hucheza jioni tatu kila wiki, michezo minane kila jioni. Aliyeshindwa ndiye atoaye sarafu ya meza, shilingi 500, na juu yake huwekwa dau la shilingi 2,000. Kwa kawaida hushinda michezo mitatu na kushindwa mitano. Hivyo kila jioni hutoa shilingi 2,500 za meza, na katika dau hupoteza shilingi 10,000 na kupata 6,000. Jumla ya hasara ni shilingi 6,500. Kwa wiki ni shilingi 19,500, na kwa wiki nne ni shilingi 78,000. Hapo soda na sigara bado hazijahesabiwa.

Hesabu hiyo hakuifanya koplo mwenyewe. Ilifanywa na mkewe, katika daftari la shule ambalo mtoto alikuwa amelimaliza nusu. Mama huyo hakupiga kelele wala hakwenda kushtaki kwa mkubwa wa kambi. Mwisho wa mwezi alimwekea mumewe chakula, akangoja amalize kula, kisha akalifungua daftari.

"Baba watoto," alisema, "mimi sikukatazi mchezo. Mwanamume aliyetoka zamu anahitaji kupumzika. Nakuuliza neno moja tu. Ada ya miaka minne nimeiona hapa. Mwalimu wako ni nani? Maana ada naiona, mwalimu simwoni."

Koplo hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo linalowapasa wote wanaosimama jioni karibu na meza hizo. Mtu anayecheza dau na aliyemshinda uwezo hulipa kila siku, wala hafundishwi. Mshindi hana sababu ya kumweleza kosa lake. Kosa hilo ndilo riziki yake. Basi dau ni ada ya shule isiyo na mwalimu, na hakuna shule iliyo ghali kuliko hiyo.

Katika senta ile ile alikuwako sajini mstaafu ambaye zamani alifundisha shabaha, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa amecheza puli katika mashindano. Koplo alimwendea Jumamosi asubuhi, siku ambayo hakuwa na zamu, akampigia saluti ingawa wote wawili walikuwa wamevaa kiraia.

"Afande, nataka kujifunza puli."

"Nimekuona ukicheza miaka minne," mzee alisema. "Hebu niambie. Siku ya kwanza ya shabaha ulipewa risasi ngapi?"

"Hata moja, afande. Tulifundishwa kulala, kushika bunduki na kuvuta pumzi. Tulifyatua bunduki tupu siku nyingi."

"Sasa mbona hapa ulianza na risasi?"

Wakapatana shilingi 5,000 kwa wiki, saa moja kila Jumamosi kabla wateja hawajafika. Sajini akaweka na sharti: kwa miezi mitatu hakuna dau, wala na yeye, wala na mtu mwingine. Msomaji anaweza kulinganisha mwenyewe shilingi 20,000 za wiki nne za mafunzo na zile shilingi 78,000 za daftari.

Somo la kwanza halikuwa na shimo wala mpira wa rangi. Sajini alimtaka apige mpira mweupe peke yake, kutoka upande mmoja wa meza hadi ukingo wa mbali, ili urudi uguse ncha ya fimbo pale ulipotoka. Koplo alipiga mara kumi. Mpira haukurudi hata mara moja. Kila mara ulikwenda kushoto au kulia kwa upana wa kiganja. Mzee hakutazama mpira kamwe. Alitazama kiwiko na kichwa. Ndipo alipomweleza mambo manne, naye akayafundisha moja baada ya jingine katika wiki nne, kwani mwanafunzi anayesahihishwa mambo manne kwa pamoja hasahihiki hata moja.

La kwanza ni miguu na mwili. Miguu ikae imara, uzito ugawanyike, na mwili uiname hata kidevu kiwe karibu kabisa na fimbo, ili macho yaitazame njia ya mpira kama yatazamavyo mtutu wa bunduki. La pili ni mkono wa mbele, ambao hujenga daraja juu ya kitambaa. Daraja lisitikisike, na lisiwe mbali na mpira mweupe zaidi ya shubiri moja au kuzidi kidogo. La tatu ni mkono wa nyuma: kiwiko kitulie, na kigasha peke yake kiende mbele na nyuma kama timazi la saa ya ukutani. Mkono usiikamate fimbo kwa nguvu, kwa maana mkono uliokaza huipindua fimbo wakati wa kupiga. La nne, ambalo huwashinda wengi, ni kubaki chini. Mchezaji asiinue kichwa kuangalia mpira unakokwenda mpaka uwe umefika. Anayeinuka mapema huinuka na fimbo yake, na mpira huupoteza kabla haujaondoka.

Koplo aliuliza atafanyaje mazoezi katikati ya wiki, ikiwa kila dakika mezani ni fedha. Sajini akamwambia atafute chupa tupu ya soda. Chupa hulazwa juu ya meza ya nyumbani na kuzuiwa kwa vitabu viwili ili isibingirike. Kisha mtu huipitisha ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa, ndani na nje, pasipo kugusa kioo. Mkono ulionyooka hautoi sauti. Uliopinda husikika mara moja. Fimbo yoyote iliyonyooka na yenye ncha nyembamba yatosha. Jioni ile watoto wa koplo walikaa chini wakihesabu, na kila kioo kilipolia walicheka. Alianza kwa kupitisha mara mbili bila sauti. Baada ya wiki mbili aliweza mara thelathini.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni kipaji cha kuzaliwa. Historia ya mchezo haikubaliani nao. Ncha ya ngozi iliyo kwenye fimbo zote za leo huhesabiwa kuwa kazi ya François Mingaud, kapteni wa askari wa miguu wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1771. Alifungwa gerezani kwa sababu za kisiasa, na husimuliwa kwamba humo alipata meza ya biliadi, akaisoma kwa uvumilivu wa mtu asiye na mahali pa kwenda. Ncha ya mti mtupu huteleza juu ya mpira, lakini ncha ya ngozi hushika. Kwa ngozi hiyo mpira uliweza kuamriwa usimame, ufuate au urudi. Mwaka 1827 alichapisha kitabu mjini Paris chenye mapigo aliyoyavumbua. Na mchezo wa snuka, ulio ndugu wa puli, ulianzishwa na maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, Uhindi, mwaka 1875. Askari na meza hii wamejuana kwa siku nyingi.

Steve Davis wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa dunia wa snuka mara sita kati ya mwaka 1981 na 1989, hakuanza kwa miujiza. Baba yake alipata kitabu cha mafunzo kilichoandikwa na bingwa wa zamani, Joe Davis, ambaye hakuwa jamaa yao. Baba na mwana wakakisoma pamoja, na baba akawa msahihishaji wa mwanawe. Hata alipokuwa bingwa, Davis aliendelea kufundishwa na Frank Callan, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuza samaki, lakini ambaye jicho lake lilijua kuona kosa la mkono. Bingwa wa dunia hakuona haya kusahihishwa na muuza samaki. Koplo aone haya ya nini mbele ya sajini?

Kwa upande mwingine yuko Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa mwaka 1954 na kushinda ubingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999 mjini Cardiff. Huyu hutajwa kama mtu aliyejifunza peke yake. Lakini alilelewa katika ukumbi wa mjomba wake mjini Manila, akalala juu ya meza usiku, na kutazama wachezaji kutwa tangu utoto, akapanda juu ya makreti ya soda ili aifikie meza. Mtu aliyepata shule ya namna hiyo hawezi kusemwa kwamba hakusoma. Na akina mama wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Allison Fisher, Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1995 akiwa tayari bingwa wa snuka wa wanawake, alishinda ubingwa wa dunia wa mipira tisa wa wanawake mara nne. Yeye pia alifundishwa na yule yule Callan.

Mkono wa koplo uliponyooka, sajini aliingia katika somo la kulenga. Mchezaji asimame nyuma ya mpira unaolengwa, aone mstari wake hadi shimoni, kisha afikirie mpira mwingine wa kivuli ukiugusa kwa nyuma juu ya mstari huo huo. Mahali pa mpira huo wa kivuli ndipo mpira mweupe unapopaswa kufika. Asilenge shimo, alenge kivuli. Alama moja ni rahisi kukumbuka: katikati ya mpira mweupe ikielekezwa kwenye ukingo wa mpira unaolengwa, yaani nusu ya mpira igonge nusu ya mwenzake, mpira uliogongwa huondoka kwa pembe ya nyuzi karibu 30. Mchezaji akiijua pembe hiyo kwa macho, nyingine atazipima kwa hiyo.

Kisha likafuata somo linalotenganisha mchezaji na mbahatishaji, nalo ni kuutawala mpira mweupe baada ya kugonga. Mipira ikiwa na uzito mmoja na pigo likiwa limenyooka, mpira mweupe unaofika ukiteleza bila kubingirika humpa mwenzake mwendo wake wote, nao husimama papo hapo. Ukipigwa juu ya kati hufuata. Ukipigwa chini ya kati hurudi nyuma. Ukigonga kwa pembeni huku ukiteleza, huondoka kwa mstari unaokaribia kuwa mraba na njia ya mpira uliogongwa. Lakini meza za sarafu zina siri yake. Meza hizo hurudisha mpira mweupe ulioanguka shimoni na kuifungia mingine, na ili ziweze kuutofautisha, mweupe hutengenezwa mdogo kidogo au mzito zaidi. Ulio mwepesi hurudi nyuma kwa urahisi. Ulio mzito hupenda kusonga mbele hata mahali ambapo ungetazamiwa usimame. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara hupiga mapigo machache ya kujaribu kabla ya kuiamini meza ya kigeni.

Chaki nayo haikuachwa. Chaki ya ubao wa darasani haifai. Ya fimbo ni mchanganyiko mwingine, wenye mchanga laini ndani yake, uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1897. Kazi yake ni kuzuia ngozi isiteleze, nayo hupakwa kwa wepesi kabla ya pigo, si kwa kuisokota kama mtu achimbaye kisima.

Kuhusu fedha ya mezani, sajini alimfundisha hesabu mpya. Sarafu moja hufungua mipira 15. Katika mchezo wa ushindani mtu huipiga labda sita, tena kwa haraka na macho ya watu yakimtazama. Katika zoezi huipiga yote 15 yeye mwenyewe: mpira mmoja huwekwa katikati ya meza, mweupe nyuma yake, shimo la pembeni mbele, vyote katika mstari mmoja. Kwa shilingi 500 mtu hupata masomo 15 ya pigo lile lile. Idadi ya iliyoingia huandikwa, na zoezi halibadilishwi mpaka 12 kati ya 15 ziingie katika siku tatu zinazofuatana. Koplo aliandika katika daftari la mkewe, kuanzia upande wa nyuma. Wiki ya kwanza aliandika 5. Wiki ya nne 8. Wiki ya sita 7, naye akakata tamaa. Sajini alipoliona daftari alisema tu kwamba mtu anayebadili mkono wake lazima arudi nyuma kidogo, kwa kuwa mkono wa zamani haukubali kufukuzwa siku moja. Wiki ya kumi aliandika 12.

Anayetafuta mwalimu wa namna hii atamtambua kwa dalili chache. Mwalimu mzuri hutazama kwanza bila kusema. Husahihisha jambo moja, akaeleza sababu yake, kisha akampa mwanafunzi zoezi la kwenda nalo. Hampigii mwanafunzi ili aonyeshe ufundi wake mwenyewe, wala hamwekei dau. Anayesema "njoo tucheze kwa fedha kidogo, utajifunza" si mwalimu, ni mchuuzi. Mwanafunzi naye ana wajibu wake: kufika saa iliyoahidiwa, kutokunywa pombe kabla ya somo, kwani mkono uliolewa haufundishiki, na kutokwenda kwenye meza katika saa za kazi. Sare na silaha hazina nafasi mahali pa mchezo na pombe. Hilo halihitaji maelezo kwa askari.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, koplo alirudi jioni kwenye meza ya zamani. Mshindani wake wa siku zote, fundi wa pikipiki ambaye kwa miaka minne alikuwa amechukua sehemu nzuri ya mshahara wake, alitoa shilingi 2,000 na kuiweka ukingoni kama desturi.

"Leo hapana dau, ndugu yangu," koplo alisema. "Sarafu nitatoa mimi."

Fundi alicheka, kisha wakacheza. Koplo alitia mipira yake minne mfululizo, na watu wakaanza kusogea. Kwenye mpira wa tano mpira mweupe ulikwenda mbele kupita alipotaka, ukajificha nyuma ya mipira ya mwenzake. Fundi hakuiacha nafasi hiyo. Akamaliza, akatia na mweusi. Koplo alikuwa ameshindwa.

Alimpa mwenzake mkono, akarudisha fimbo mahali pake, na kufika nyumbani kabla ya giza. Mkewe alipomwona amewahi, alidhani amemaliza fedha zote mapema. Koplo akatoa mfukoni fedha aliyoondoka nayo asubuhi, imepungua shilingi 500 tu, akaiweka mezani karibu na ile chupa ya soda.

"Umeshinda?" mkewe aliuliza.

"Nimeshindwa. Mpira wa tano niliinua kichwa kabla ya wakati, mweupe ukapita."

Mkewe alimtazama kwa muda. Katika miaka minne alikuwa amesikia kwamba meza imepinda, kwamba fimbo ni mbovu, kwamba fundi ana bahati na kwamba watu walipiga kelele. Hakuwahi kusikia sababu iliyokuwa ndani ya koplo mwenyewe.

"Basi andika," alisema, akamsogezea daftari.

Hapo ndipo faida ya mafunzo ilipo, na ndiyo sababu habari ya puli inastahili kusomwa hata katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kushika fimbo. Mbahatishaji akishindwa hulaumu meza, na kesho hurudi na dau kubwa zaidi. Aliyefunzwa akishindwa hujua mahali alipokosea, na kesho hurudi na zoezi. Wa kwanza huichezea nyumba yake bila kujua. Wa pili hucheza puli tu. Subira huvuta heri, lakini subira yenyewe yahitaji mtu wa kuielekeza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.